Usiseme ni Uzee Tu: Kuishi Salama na Yabisi ya Soriasisi

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyotayarishwa kwa vikao vya wazee, walezi wao na wahudumu wa afya ya jamii. Yamechapishwa hapa kwa ukamilifu ili familia zisizoweza kufika kikaoni ziyasome nyumbani.



Mwezi wa Oktoba una siku tatu zinazogusa kikao hiki. Tarehe 1 ni Siku ya Kimataifa ya Wazee. Tarehe 12 ni Siku ya Yabisi Duniani. Tarehe 29 ni Siku ya Soriasisi Duniani. Siku hizo tatu hukutana katika mwili wa mtu mmoja: mzee ambaye amekuwa na mabaka ya ngozi kwa miaka mingi, na sasa viungo vyake vimeanza kuvimba, kuuma na kukakamaa. Huo ndio ugonjwa unaoitwa yabisi ya soriasisi.

Ugonjwa huu ukiachwa unaweza kumlemaza mzee. Dawa za kuutuliza nazo, zikitumiwa vibaya, zinaweza kumharibia figo, kumsababishia vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, au kudhoofisha uboho unaotengeneza damu mwilini. Kwa hiyo kuna kazi mbili za kufanya pamoja: kuutibu ugonjwa mapema, na kumlinda mzee asidhurike na matibabu.

Ugonjwa wenyewe

Soriasisi ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga iliyoumbwa kupambana na vijidudu huuchokoza mwili wenyewe. Kwenye ngozi hutokea mabaka manene yenye magamba, hasa kwenye viwiko, magoti, kichwani na sehemu ya chini ya mgongo. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo mara nyingi huwa ya kahawia iliyokolea, ya kijivu au ya zambarau, wala si mekundu kama yanavyoonyeshwa katika picha nyingi za vitabu.

Soriasisi haiambukizi. Mtu hawezi kuipata kwa kusalimiana kwa mkono, kula sahani moja au kulala kitanda kimoja na mgonjwa. Haitokani na uchafu, wala si kurogwa. Mwezi Mei mwaka 2014, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio lililotambua soriasisi kuwa ugonjwa wa kudumu, usioambukiza, wenye maumivu, na usio na tiba ya kuumaliza kabisa. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Ugonjwa unaweza kutulizwa hata mtu akarudi shambani, sokoni na kanisani au msikitini bila shida. Lakini yeyote anayemuuzia mzee chupa ya kuumaliza kabisa anamdanganya.

Wengi huuita ugonjwa huu pumu ya ngozi. Jina hilo hutumika pia kwa ukurutu, ambao ni ugonjwa tofauti. Kwa hiyo mzee anapofika kliniki, ni heri aonyeshe mabaka yenyewe na aeleze yalianza lini kuliko kutaja jina tu.

Kati ya watu 100 wenye soriasisi, hadi 30 huweza kupata yabisi. Mara nyingi ngozi hutangulia, na viungo hufuata baada ya miaka, wakati mwingine 10 au zaidi. Kwa wachache viungo huanza kwanza. Ndiyo maana mtu aliyezoea mabaka yake tangu ujana anaweza kufikisha miaka 60 asijue kwamba maumivu mapya ya vidole yana uhusiano na ngozi yake.

Tofauti na maumivu ya kawaida ya uzee

Neno linalowachelewesha wazee wengi ni hili: "Ni uzee tu." Ni kweli kwamba magoti na nyonga huchakaa kwa miaka ya kazi. Lakini maumivu ya kuchakaa huwa na tabia yake. Huzidi mzee anapotembea au kubeba mzigo, na hupungua anapopumzika. Asubuhi kiungo hukakamaa kidogo, kisha hulegea kabla ya nusu saa kupita.

Yabisi ya soriasisi huenda kinyume. Viungo hukakamaa zaidi baada ya kupumzika. Asubuhi ukakamavu hupita nusu saa, wakati mwingine hufika saa kadhaa, na hupungua mzee anapoanza kujishughulisha. Kuna dalili nyingine za kuangaliwa:

Kidole kizima cha mkono au cha mguu huvimba kama soseji, si kwenye fundo peke yake. Kucha huwa na vishimo vidogo kana kwamba zimechomwa na ncha ya sindano, au huinuka kutoka kwenye nyama. Kisigino huuma pale mshipa mkubwa wa nyuma unaposhikana na mfupa, au chini ya wayo, hasa hatua za kwanza za asubuhi. Mgongo wa chini humwamsha mtu usiku wa manane. Jicho likiwa jekundu, likiuma na kuona ukungu, hiyo ni dharura. Mzee apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Makosa mawili hutokea sana. La kwanza ni kucha kudhaniwa kuwa na fangasi, na mgonjwa akapewa dawa ya fangasi mara kwa mara bila nafuu. La pili ni kutegemea kipimo kimoja cha damu. Kipimo kinachotumika kwa baridi yabisi ya kawaida mara nyingi hutoka safi kwa mwenye yabisi ya soriasisi. Hakuna kipimo kimoja kinachouthibitisha ugonjwa huu; tabibu huunganisha historia ya mgonjwa, ngozi, kucha, viungo, picha za eksirei na vipimo vya damu. Hata asidi ya yuriki ikipatikana juu, haimaanishi moja kwa moja kwamba ni gauti, kwa kuwa asidi hiyo inaweza kupanda kwa wenye soriasisi pia.

Hapa pana jambo la heshima. Mabaka mengine hujificha chini ya kofia au kilemba, ndani ya kitovu, au katikati ya makalio. Mzee huona haya kumwonyesha daktari wa umri wa mjukuu wake. Ana haki ya kuomba ahudumiwe na mhudumu wa jinsia yake na afunikwe vizuri anapopimwa. Asiondoke kabla ya kusema. Utafiti umeonyesha kwamba kuchelewa hata kwa miezi 6 kabla ya kuonwa na mtaalamu kunahusishwa na uharibifu zaidi wa viungo, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi kilivyokuwa.

Dawa za maumivu kutoka kemisti

Chukulia mfano wa mama wa miaka 68. Ana presha. Kila asubuhi anameza losartani, pamoja na tembe ya kumfanya akojoe maji ya ziada. Vidole vinapomwuma, kijana wake anapita kemisti na kumletea diklofenaki. Anapata nafuu, basi anaendelea nayo wiki nzima, kisha mwezi mzima. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Lakini dawa hizo tatu zikikutana, yaani ya presha ya aina hiyo, ya kutoa maji na ya maumivu, figo hupungukiwa na damu ya kuzisukuma kazi yake. Siku mama huyo akiharisha au akikosa maji ya kutosha, figo zinaweza kushindwa ghafla.

Diklofenaki na ibuprofeni zina kazi yake katika ugonjwa huu, na daktari anaweza kuziandika. Ila kwa mzee ziandikwe baada ya kupima presha na figo, kwa kiwango kidogo kinachomtosha na kwa muda mfupi. Asizichanganye mbili kwa pamoja. Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, mwenye moyo dhaifu, mwenye figo mbovu, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini, asizitumie bila ruhusa ya daktari. Sindano ya diklofenaki ni dawa ile ile. Kuchomwa badala ya kumeza hakuondoi hatari kwa tumbo wala kwa figo.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa wengi, ingawa nguvu yake kwa yabisi hii ni ndogo. Nayo ina mpaka. Mtu mzima asipitishe gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500, na mzee aliyekonda au mwenye shida ya ini hupangiwa chini ya hapo. Tahadhari iwepo kwa dawa za mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani.

Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, matapishi yakiwa na damu, mkojo ukipungua sana au miguu ikivimba ghafla, mzee aache dawa ya maumivu na apelekwe hospitali mara moja.

Methotreksati: siku moja kwa wiki

Dawa za maumivu hutuliza tu. Dawa zinazozuia ugonjwa usile viungo ni nyingine, na inayotumika sana ni methotreksati. Ni dawa nzuri na imetumika kwa miongo mingi. Ina sharti moja ambalo familia nzima inapaswa kulijua kwa moyo: humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku.

Wazee wamekufa, katika nchi mbalimbali, kwa sababu dawa hii ya wiki ilimezwa kila siku kama ya presha. Uboho huacha kutengeneza damu, mdomo hujaa vidonda, na maambukizi huingia. Hatari ni kubwa zaidi kwa mzee, maana methotreksati hutolewa mwilini na figo, na nguvu ya figo hupungua kadiri umri unavyoendelea.

Njia za kuzuia ni rahisi. Familia na tabibu wachague siku moja, kwa mfano Jumatano, na jina la siku hiyo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye pakiti. Dawa iwekwe mbali na kisanduku cha dawa za kila siku. Tembe za methotreksati huweza kuwa za miligramu 2.5 au za miligramu 10, na mzee asiyeona vizuri anaweza kuzichanganya. Kwa hiyo apewe za nguvu moja tu, na zikionekana tofauti na za mwezi uliopita, mlezi aulize kabla ya kuzitoa. Asidi ya foliki, inayoandikwa pamoja nayo kupunguza madhara, kwa kawaida humezwa siku nyingine.

Kabla ya kuanza, mgonjwa hupimwa damu, ini na figo. Baadaye vipimo hurudiwa karibu karibu mwanzoni, na mwili ukishaizoea dawa, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kupimwa huku ni sehemu ya tiba. Mzee asiyeweza kurudi kupimwa aseme mapema ili apangiwe dawa nyingine.

Kuna dawa moja ya kuogopwa kuliko nyingine zote kwa anayemeza methotreksati: kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin. Zikikutana zinaweza kuangamiza chembechembe za damu. Mzee akienda popote kwa kikohozi, homa au maumivu ya kukojoa, neno lake la kwanza liwe kwamba anatumia methotreksati. Pombe nayo, iwe ya chupa, busaa au chang'aa, huliongezea ini mzigo.

Vidonda mdomoni, homa, kutokwa damu ovyo, michubuko isiyo na sababu, au kikohozi kikavu chenye kukosa pumzi ni dalili za hatari. Asimeze tena methotreksati kabla ya kuonwa na daktari.

Steroidi, mitishamba na chupa zisizojulikana

Prednisoloni na deksamethasoni hufanya mtu ajihisi mpya kwa siku chache. Ndiyo maana huvutia. Lakini zikitumiwa kwa muda mrefu huongeza sukari na presha, hulainisha mifupa, huleta mtoto wa jicho na kudhoofisha kinga. Kwa mwenye soriasisi kuna hatari ya pekee: zikiachwa, ngozi inaweza kulipuka vibaya kuliko ilivyokuwa mwanzo, hata kujaa vijipu vya usaha mwili mzima. Aliyekwisha kuzitumia kwa wiki kadhaa asizikatize mwenyewe pia, kwa kuwa mwili huwa umezizoea. Aende kliniki apunguziwe polepole.

Tatizo ni kwamba mzee anaweza kuwa anameza steroidi bila kujua. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya umma kuhusu bidhaa zilizouzwa kama lishe ya viungo, ambazo maabara ilizikuta na diklofenaki na deksamethasoni zisizotajwa kwenye lebo. Kinachouzwa kwenye basi, sokoni au kwa simu kama mitishamba tupu kinaweza kuwa na siri kama hiyo. Dawa ya asili inayoondoa maumivu ya miaka kwa usiku mmoja inastahili kutiliwa shaka. Mzee asikemewe kwa kuitumia. Aombwe aje nayo kliniki, pakiti na yote.

Dawa nyingine halali pia huweza kuchochea soriasisi, zikiwemo baadhi za presha kama atenololi, na za jamii ya klorokwini. Ngozi ikichafuka baada ya dawa mpya, daktari aambiwe. Atenololi isiachwe ghafla, kwani moyo unaweza kuathirika.

Kifua kikuu na chanjo

Kwa wagonjwa wachache ambao methotreksati haikuwatosha, madaktari wa hospitali kubwa hutumia sindano za kisasa zinazozuia kemikali fulani za kinga, kama adalimumabu. Ni ghali, na zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini tangu zamani. Katika nchi yetu jambo hilo si la kupuuza. Mzee aseme iwapo aliwahi kuugua kifua kikuu au kuishi na mgonjwa wake, hata kama ni miaka 40 iliyopita. Hupimwa pia homa ya ini aina ya B, na moyo wake huangaliwa.

Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, kwa kawaida haziruhusiwi kwa mtu anayetumia dawa hizo. Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama sindano ya mafua makali, zinaruhusiwa na zinamsaidia.

Nyumbani

Wenye yabisi ya soriasisi hupata ugonjwa wa moyo, presha, kisukari na unene zaidi ya watu wengine. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao mwaka 2023 walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, wanaweza kupima vitu hivyo nyumbani. Mzee mnene akipunguza uzani, viungo hupata nafuu na dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Hakuna chakula cha muujiza. Omena, maharagwe, mboga za majani na matunda vinatosha, na chumvi na sukari zipunguzwe. Sigara iachwe.

Viungo vinahitaji kutumiwa. Asubuhi, maji ya moto kwenye mikono hulegeza vidole. Matembezi mafupi kila siku ni bora kuliko safari moja ndefu ya Jumamosi. Siku kiungo kimevimba na kina joto kipumzishwe, lakini mzee asilale wiki nzima. Mpini wa jembe au wa mwiko ukizungushiwa kitambaa huwa mnene na rahisi kushika. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Taa iwepo njia ya chooni, na mkeka unaoteleza uondolewe, kwa sababu mfupa wa nyonga ukivunjika, uzee hubadilika kabisa.

Ngozi ipakwe mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu baada ya kuoga, ingali na unyevu. Isisuguliwe kwa jiwe wala kukwaruzwa, kwa kuwa soriasisi huweza kuota pale palipojeruhiwa. Krimu kali za steroidi zitumike mahali na kwa siku zilizoandikwa tu. Ngozi ya mzee ni nyembamba na huchanika upesi.

Moyo wa mtu pia huugua. Mzee aliyeacha kwenda kwenye chama kwa aibu ya mikono yake, asiyelala na asiyekula, huenda ana sonona. Aambiwe daktari. Sonona ina tiba.

Pa kuanzia

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na tabibu huandika rufaa inapohitajika. Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, huhudumiwa katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 kupitia mfuko wa afya ya msingi. Matibabu ya hospitali za ngazi ya 4 hadi 6 huhitaji mchango uwe umelipwa. Asiyejisajili anaweza kubonyeza *147# kwenye simu, na mjukuu amsaidie.

Siku ya kliniki, dawa zote zilizo nyumbani zitiwe kwenye mfuko mmoja: za presha, za sukari, za kemisti, za mitishamba na za kupaka. Mfuko huo huokoa maisha kuliko maelezo ya kukumbuka. Kisha mlezi aulize maswali manne kabla ya kuondoka: dawa hii ni ya kila siku au ya wiki? Inapatana na zile nyingine? Damu itapimwa lini tena? Ni dalili gani ikitokea turudi bila kungoja tarehe?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia yake na ya Serikali. Mzee anayelalamika kuwa kidole kimevimba anastahili kusikilizwa kama kijana anayelalamika hivyo hivyo. Wiki hii, kila aliyefika kikaoni amtazame mzee mmoja wa karibu: mikono yake, kucha zake, na mfuko wake wa dawa. Penye shaka, wafike kituoni pamoja.